*Writing* ina t ngapi? Mwongozo wa kuandika miisho ya maneno ya Kiingereza

Kila kundi jipya la wanafunzi wangu wa jioni huja na maswali yaleyale. *Writing* ina t moja au mbili? Mbona *beautiful* ina l moja halafu *beautifully* ina mbili? *Stopped* tunasikia "stopt", sasa hiyo e na hiyo p ya pili zimetoka wapi? Wanaouliza si wazembe. Wengi wana vyeti vyao, wengine wana shahada, Kiingereza wanakisoma na kukiongea vizuri, lakini wakiandika barua ya maombi ya kazi kalamu inasita kwenye herufi tatu za mwisho za neno.

Mmoja wao aliwahi kunionyesha barua aliyokwisha kuituma. Mwishoni aliandika *I am hopping to hear from you soon*. Alikusudia kusema anatumaini kupata majibu. Alichoandika ni kwamba anarukaruka kwa mguu mmoja akisubiri majibu. Kompyuta haikumpigia mstari mwekundu, kwa sababu *hopping* nalo ni neno halali. P moja iliyozidi ndiyo iliyoharibu sentensi, na kanuni inayoizuia ni fupi, unaweza kujifunza kwa jioni moja. Mwongozo huu ni wa kanuni za namna hiyo.

Kabla ya kuanza

Tafuta vitu hivi:

- Daftari la tahajia tu, usilichanganye na mambo mengine. Kaunta buku ndogo inafaa.
- Kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Nyekundu ni ya herufi iliyobadilika, iliyoongezeka au iliyoondoka, si zaidi ya hapo.
- Kamusi ya Kiingereza ya wanafunzi, ya karatasi au ya kwenye simu, inayoonyesha mkazo wa neno. Mkazo huonyeshwa kwa kistari kidogo kilichosimama kwa juu, mbele ya silabi inayokazwa. Kamusi nyingi za aina hii huandika pia *-pp-* au *-tt-* kando ya kitenzi kukujulisha kwamba herufi inarudiwa.
- Mtu wa kukusomea imla. Ukikosa mtu, rekodi sauti yako kwenye simu.
- Dakika 20 kila siku. Saa mbili za Jumamosi peke yake hazitoshi, mkono husahau kufikia Jumatano.

Utahitaji pia maneno matatu ya sarufi, ambayo unayajua tangu shuleni: irabu ni a, e, i, o, u, konsonanti ni herufi nyingine, kiambishi hapa ni kipande kinachobandikwa mwishoni mwa shina.

Kuna tabia moja inabidi uiache, nayo ni kuandika unachosikia. Kiswahili tunakiandika tunavyokitamka, na herufi mbili zikifuatana zote zinasikika: *nne*, *mmea*, *kaa*. Kiingereza kilianza kuchapwa Uingereza mwaka 1476, katika karakana ya William Caxton. Baada ya hapo matamshi yaliendelea kubadilika kwa karne nyingi huku maandishi yakibaki nyuma. Kwa hiyo p mbili za *stopped* hazisikiki mara mbili. Zimewekwa pale kulinda irabu iliyo mbele yake. Ukilikumbuka hilo, nusu ya mwongozo huu utauelewa bila kukariri.

Hatua ya 1: Tenganisha shina na kiambishi

Kabla ya kuandika neno linalokutia shaka, liandike pembeni vipande viwili: *hope + ing*, *stop + ed*, *happy + ness*. Kazi hii umeizoea, ndiyo hiyohiyo ya pika, pikia, pikisha.

Kisha jiulize swali moja: kiambishi kinaanza na irabu au konsonanti? Chora safu mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Upande wa irabu weka *-ing, -ed, -er, -est, -able, -ous, -ance*, na *-y* nayo ihesabu huku. Upande wa konsonanti weka *-ly, -ful, -less, -ness, -ment*.

Viambishi vya konsonanti ni wapole. Mara nyingi vinabandikwa tu, shina linabaki lilivyo. Vya irabu ndivyo vinavyosumbua, na hatua mbili zinazofuata ni kwa ajili yake.

Hatua ya 2: Shughulikia e ya kimya

Maneno mengi ya Kiingereza yanaishia na e isiyotamkwa: *hope, write, make, use, come, dine*.

Kiambishi kikianza na irabu, e inaondoka: *hoping, writing, making, using, coming, dining*.

Kiambishi kikianza na konsonanti, e inabaki: *hopeful, useless, management, achievement, sincerely*. Hilo la mwisho liangalie vizuri, kwa sababu barua nyingi hufungwa nalo: *sincere + ly*, e haiguswi na l ni moja.

Basi jibu la swali la kichwa cha habari ndilo hilo. *Write + ing*: e imeondoka, hakuna kilichoongezeka, t ni moja. *Writting* haipo kabisa katika Kiingereza. *Written* ina t mbili kwa sababu i yake ni fupi. Tamka *writing* kisha *written* polepole, utasikia "rai" ikigeuka "ri". *Biting* na *bitten*, *hiding* na *hidden* ni mwendo huohuo.

Angalizo: kibao cha *Dinning Hall* kimetapakaa kwenye hoteli, mabweni na kumbi zetu. Shina ni *dine*, kula chakula. Ukiandika n mbili, shina linakuwa *din*, yaani makelele. Ukipewa kazi ya kuchora kibao, andika *Dining*.

Sasa vighairi, na hivi vikariri kama vilivyo:

- *true* inakuwa *truly*, *argue* inakuwa *argument*, *nine* inakuwa *ninth*, *whole* inakuwa *wholly*. Zote zimeangusha e mbele ya konsonanti. Lakini *ninety* na *nineteen* zimebaki na e yake.
- Neno likiishia *-ce* au *-ge* na kiambishi kikianza na a au o, e inabaki: *noticeable, changeable, manageable, courageous*. Inabaki ili c iendelee kutamkwa s, na g isije ikatamkwa kama g ya *gari*.
- *See, agree* na *canoe* haziangushi kitu: *seeing, agreeing, canoeing*.
- *Die, lie, tie* zinageuza ie kuwa y: *dying, lying, tying*. *Dye*, kutia rangi, inabaki *dyeing*, ili fundi anayetia nguo rangi asisomeke kwamba anakufa.
- *Mile* inabaki na e kwenye *mileage*. Wanaojaza fomu za posho za safari wanalihitaji hilo.

Hatua ya 3: Amua kama konsonanti ya mwisho inarudiwa

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo hatutapaharakisha.

Anza na maneno ya silabi moja. Kiambishi chako kinaanza na irabu. Angalia herufi mbili za mwisho za shina, ukitanguliza ya mwisho kabisa. Ni konsonanti moja? Mbele yake kuna irabu moja tu? Jibu likiwa ndiyo mara mbili, rudia konsonanti hiyo:

*stop, stopped, run, running, big, bigger, sit, sitting, plan, planning, swim, swimmer.*

Kukiwa na irabu mbili, usirudie: *wait, waiting, need, needed, rain, rainy, read, reader*. Kukiwa na konsonanti mbili, usirudie: *help, helped, start, starting, long, longer*.

Herufi w, x na y hazirudiwi mwishoni: *show, showing, fix, fixed, play, played*. Na *quit* inakuwa *quitting*, ingawa unaona u na i, kwa sababu *qu* inahesabiwa kama konsonanti.

Fanya zoezi hili kwa kalamu nyekundu: andika jozi *hop, hopping* na *hope, hoping*, *plan, planning* na *plane, planing*, *tap, tapping* na *tape, taping*. Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo sikio letu halitofautishi vizuri *hop* na *hope*. Usilitegemee sikio hapa. Tegemea swali: shina lina e mwishoni au halina?

Sasa maneno ya silabi mbili na zaidi. Kanuni ni ileile, ila limeongezeka sharti moja: konsonanti inarudiwa pale tu mkazo unapokuwa kwenye silabi ya mwisho ya shina.

*beGIN, beginning, forGET, forgetting, subMIT, submitted, comMIT, committed, ocCUR, occurred, reFER, referred.*

Mkazo ukiwa mapema, hairudiwi:

*Open, opened, HAPpen, happened, VISit, visited, OFfer, offered, deVELop, developed, BENefit, benefited.*

Mzungumzaji wa Kiswahili anateleza hapa kwa sababu anayoibeba kinywani. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la silabi mbili likija, ulimi wetu unakaza ya kwanza bila kuombwa: tunasema BEgin, REfer, COmmit. Ukitamka hivyo na kanuni ukaifuata kwa uaminifu, bado utaandika *begining* na *commited*. Kanuni haina kosa, kosa ni kwamba umeipa matamshi yasiyo yake. Kwa hiyo kila kitenzi kipya cha silabi mbili kitafute kwenye kamusi, ukiweke daftarini na silabi ya mkazo ukiipigia mstari.

Neno *Limited* lipo kwenye mabango ya kampuni kila mtaa. Mkazo ni LIM, t ni moja. Ukiwa na shaka juu ya kanuni hii, tazama bango lililo karibu nawe.

Mambo manne ya kuongeza hapa:

1. Kiambishi cha konsonanti hakifanyi herufi irudiwe: *committed* ina t mbili, *commitment* ina moja, *equipped* ina p mbili, *equipment* ina moja.
2. Mkazo ukihama baada ya kubandika kiambishi, herufi hairudiwi. *Refer* ina *referred*, lakini *reference* imerudisha mkazo mwanzoni, r moja. *Referee*, neno tunaloandika mwishoni mwa wasifu wa kazi, mkazo wake umekimbilia *-ee*, kwa hiyo r pia ni moja.
3. Uingereza hurudia l hata mkazo ukiwa mapema: *travelled, cancelled, labelled*. Marekani huandika *traveled, canceled, labeled*. Shule za Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi tahajia ya Uingereza, basi andika l mbili, isipokuwa kama mwajiri au chuo chako ni cha Marekani. *Worshipped*, kwa wanaoandika taarifa za kanisa, nayo ina p mbili Uingereza.
4. Neno likiishia *-ic* na kiambishi kikiwa *-ed* au *-ing*, ongeza k: *panic, panicked, traffic, trafficking*.

Hatua ya 4: Geuza y kuwa i

Angalia herufi iliyo mbele ya y. Ikiwa konsonanti, y inageuka i: *carry, carried, happy, happier, happiness, apply, applied, marry, married, marriage*. Kwenye wingi inakuwa *-ies*: *city, cities, company, companies, country, countries*.

Ikiwa irabu, y inakaa: *play, played, enjoy, enjoyment, key, keys, journey, journeys*.

Kighairi kikubwa ni *say, said, pay, paid, lay, laid*. *Payed* usiiandike kwenye risiti wala kwenye ripoti ya malipo.

Angalizo: mbele ya *-ing*, y haiguswi kamwe: *studying, carrying, applying*. *Studing* ni kosa ninalolisahihisha pengine kuliko yote. Linatoka kwenye sikio, kwa sababu "stadiing" ikitamkwa haraka i mbili zinaungana. Shina ni *study*, kiambishi ni *ing*, andika vyote viwili vizima.

Hatua ya 5: -s au -es, na -ed ya wakati uliopita

Ongeza *-es* pale ambapo ulimi unashindwa kutamka s peke yake, yaani baada ya *s, x, z, sh* na *ch*: *buses, boxes, dishes, churches*. *Quiz* inarudia z: *quizzes*. *Ch* ikitamkwa k, weka s tu: *stomachs*.

Yanayoishia o yamegawanyika. *Tomatoes, potatoes, heroes, goes, does* zina e. *Photos, videos, radios, pianos, kilos* hazina. Ikiwa mbele ya o kuna irabu, kama *radio*, weka s bila wasiwasi.

*Knife, wife, leaf, half* zinageuka *knives, wives, leaves, halves*, lakini *roofs, chiefs* na *beliefs* zimebaki na f. *Believes* ipo, ila ni kitenzi.

Na tafadhali, apostrofi haifanyi wingi. Nyanya nyingi ni *tomatoes*. *Tomato's* ni kitu cha nyanya moja.

Kuhusu *-ed*: utaisikia kwa sauti tatu. *Helped* na *worked* zinasikika zikiishia t, *opened* inasikika ikiishia d, *wanted* inasikika "id". Katika vitenzi vya kawaida maandishi hayabadiliki, ni *-ed* zote tatu. Ukisikia t mwishoni usiandike t. Vitenzi visivyo vya kawaida, kama *kept, slept, sent*, vina njia yake na vinakaririwa kando.

Hatua ya 6: -ful na -ly

*Full* ikiwa neno peke yake ina l mbili. Ikiwa kiambishi ina moja: *beautiful, careful, useful, faithful*. Ukiongeza *-ly* juu yake, l ya *-ful* na l ya *-ly* zinakutana, ndipo zinakuwa mbili: *beautifully, carefully*. Kwa hiyo barua rasmi unaifunga *Yours faithfully*: l moja kutoka *faithful*, nyingine kutoka *-ly*. Hesabu hiyohiyo inakupa *finally, really, usually*.

Maneno ya *-le* yanameza e: *simple, simply, gentle, gently, possible, possibly*. Maneno ya *-ic* yanachukua *-ally*: *basically, automatically*. *Publicly* peke yake limekataa kufuata wenzake.

*Until* ina l moja, ingawa *till* ina mbili.

Hatua ya 7: "Shen" inayoandikwa kwa njia nne

Sikio linasikia sauti karibu moja, maandishi ni *-tion, -sion, -ssion* na *-cian*. Hatua hii naipenda kuliko nyingine, kwa sababu Kiswahili kinatusaidia. Sisi tunasema linda na mlinzi, fuata na mfuasi, pika na mpishi. Konsonanti ya mwisho ya shina inageuka ikikutana na kiambishi, na hakuna aliyetukaririsha. Kiingereza kinafanya jambo linalofanana, hivyo rudi kwenye shina uulize lilikuwa na herufi gani:

- Shina lenye d mwishoni huenda *-sion*, kama d ya linda ilivyolainika katika mlinzi: *decide, decision, divide, division, extend, extension*. Vighairi ni *attend, attention* na *intend, intention*.
- Shina lenye *-mit* au *-ss* huenda *-ssion*: *permit, permission, admit, admission, discuss, discussion*. Hapo umemwona mfuasi, t imekuwa s.
- Mtu mwenye ujuzi ambao jina lake linaishia *-ic* au *-ics* huenda *-cian*: *music, musician, electric, electrician, politics, politician*. Sauti ya k imekuwa sh, sawasawa na pika na mpishi.
- Yaliyobaki, ambayo ni mengi zaidi, kwa kawaida ni *-tion*: *educate, education, inform, information, act, action*.

Angalizo: mashina mengine yanapungua njiani. *Pronounce* ina *pronunciation*, o ya pili imeondoka. *Explain* ina *explanation*. *Maintain* ina *maintenance*, na hilo mafundi wengi huliandika *maintainance* kwenye wasifu wao.

Hatua ya 8: Miisho isiyo na kanuni ya kuaminika

Hapa nakwambia ukweli: kariri. Ila kuna vishikizo vichache.

*-er, -or, -ar*. Masikio yetu husikia a, ndiyo maana *driver* ikawa dereva na *doctor* ikawa daktari. Weka *-er* kama huna habari nyingine: *teacher, farmer, baker*. Baada ya *-ate* weka *-or*: *operator, translator, calculator*. Baada ya *-ct* pia mara nyingi ni *-or*: *actor, director, inspector*, na *conductor*, yule konda wa daladala. Za *-ar* ni chache, zikiwemo *grammar, calendar, sugar, liar*.

*-able* na *-ible*. Kata kiambishi. Ukibaki na neno zima, mara nyingi ni *-able*: *acceptable, comfortable, readable*. Ukibaki na kipande, mara nyingi ni *-ible*: *possible, visible, terrible, responsible*. *Accessible* na *flexible* zimevunja kanuni, ziandike ukurasa wa pekee.

*Stationery* na *stationary*. Duka la kutoa fotokopi na kuuza madaftari ni *stationery*, yenye e. Gari lililosimama ni *stationary*, yenye a. Wanafunzi wangu nawafundisha hivi: e ya elimu, a ya amesimama. Sijaona aliyesahau.

Hatua ya 9: Imla ya kila siku

Chukua maneno kumi kutoka hatua moja tu. Tazama neno, lifunike, liandike, kisha kagua. Ukikosea usilifute. Likate kwa mstari mmoja, andika upya shina, alama ya kujumlisha, kiambishi, halafu neno zima, herufi iliyobadilika ikiwa nyekundu.

Siku ya saba, mtu akusomee maneno 30 yaliyochanganywa. Hapo hujui ni kanuni ipi inayokuja, na kuandika kwenyewe kuko hivyo.

Ukitaka kuanza leo, funika mstari unaofuata na uunganishe haya: *begin + ing, argue + ment, study + ing, prefer + ed, careful + ly, notice + able, visit + or, decide + ion*.

Majibu: *beginning, argument, studying, preferred, carefully, noticeable, visitor, decision*.

Ukikwama

*Sisikii mkazo uko wapi.* Acha kuutafuta kwa sikio kwa sasa. Kariri vitenzi hivi 15 vyenye mkazo mwishoni: *begin, forget, permit, admit, submit, commit, omit, refer, prefer, transfer, occur, control, regret, equip, upset*. Hivi vinarudia. Vitenzi vingine vya silabi mbili unavyoviandika kila siku, kwa sehemu kubwa, havirudii, ukiacha vya l nilivyovitaja. Sikio litakuja baadaye kwa kusikiliza kamusi ya simu.

*Kompyuta inapiga mstari mwekundu chini ya travelled na cancelled.* Hujakosea. Programu imewekwa Kiingereza cha Marekani. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, chagua cha Uingereza.

*Kamusi moja inasema judgement, nyingine judgment.* Zote ni sahihi. Kamusi za Uingereza zinakubali e, Marekani na maandishi ya sheria huiacha. Chagua moja na usiibadilishe ndani ya waraka mmoja.

*Narudia kukosea maneno yaleyale.* Yatengee ukurasa wa mwisho wa daftari, yasizidi kumi. Yaingie kwenye imla ya kila siku mpaka uyapate siku tano mfululizo, kisha yafute na uweke mengine.

*Kwenye mtihani sina muda wa kutenganisha shina.* Andika kwanza bila kusimama. Bakiza dakika tano, soma insha yako kuanzia neno la mwisho ukirudi nyuma. Ukisoma hivyo maana haikubebi, jicho linaona miisho peke yake.

*Mwanangu ametoka darasa la saba la Kiswahili, anaanza kidato cha kwanza na karibu masomo yote ni kwa Kiingereza.* Asishike hatua zote tisa. Mpe ya 2, ya 4 na ya 5 mwezi wa kwanza, kwa maneno anayoyakuta kwenye madaftari yake ya biolojia na jiografia, si kwa orodha za kutoka kwingine. Hatua ya 3 ianze na silabi moja tu. Ya 7 na ya 8 zisubiri hadi aanze kuandika insha za ukurasa mzima, maana kabla ya hapo maneno hayo hayatumii.